Mwanangu alikunywa mafuta ya taa: mbona hawakumsafisha tumbo?

“Daktari, habari za kazi. Mwanangu wa kiume ana mwaka mmoja na miezi minane. Jumamosi ya wiki iliyopita, kama saa kumi na mbili jioni, nilikuwa nawasha jiko la mkaa. Mafuta ya taa yalikuwa kwenye chupa ya maji ya nusu lita, chini, pembeni ya jiko. Niligeuka kutafuta kiberiti, nikasikia anakohoa kwa nguvu, kugeuka namkuta na chupa mkononi, kifua kimelowa. Jirani akaleta maziwa tukamnywesha, akatapika yote. Mama mkwe alitaka kumtia kidole atapike zaidi, nikakataa tukakimbilia hospitali. Huko nilishangaa. Hawakumsafisha tumbo, hawakumpa dawa ya kutoa sumu, walimpiga picha ya kifua, wakawa wanamwangalia tu. Usiku akapata homa, wakatulaza hadi siku ya pili jioni, hawakumpa antibiotiki. Sasa anakula na anacheza, ila mama mkwe anasema kesho yake kinyesi kilinuka mafuta, kwa hiyo sumu imebaki tumboni. Anataka tumpe mawese au mkaa uliopondwa. Je, ni kweli? Na nifanyeje isitokee tena? Tunaishi chumba kimoja, kabati sina, na nyumbani wananiambia nilizembea.”

Mama, pole sana. Mshtuko wa kumkuta mtoto na chupa ile mkononi hauishi kwa wiki moja, na maneno ya watu nyumbani yanauzidisha. Nianze na lile linalotaka jibu leo: usimpe mawese, wala mkaa, wala kitu kingine chochote cha “kusafisha”. Hakuna sumu iliyobaki tumboni mwa mwanao. Wenzangu waliompokea usiku ule walifanya kazi yao sawasawa, ingawa naelewa kwa nini machoni pako ilionekana kama hawafanyi kitu. Kosa lao, kama lipo, ni kutokukueleza.

Tukisikia neno sumu, sote tunafikiria tumbo. Mafuta ya taa hayaendi hivyo. Yakifika tumboni, mwili unayanyonya kidogo sana, mengi yanapita na kutoka. Kwa hiyo kinyesi kunuka mafuta siku ya pili ni habari njema: ni ushahidi kwamba yametoka. Huenda aliharisha kidogo pia, na hilo ni la kawaida. Mahali mafuta haya yanapoumiza mtoto ni mapafuni.

Kumbuka sauti uliyoisikia kabla hujageuka. Ule ulikuwa ukohozi wa mtoto aliyepaliwa. Alipiga funda, harufu kali na mwasho vikamshtua kooni, na katika kushtuka matone machache yakakosea njia. Yangekuwa maji, angekohoa yakaisha. Lakini fikiria koroboi. Utambi unachovya chini, na mafuta yanapanda yenyewe hadi juu, bila mtu kuyasukuma. Ukitia mafuta ya kupikia kwenye koroboi hiyo hiyo utaona utambi unavuta kwa shida, kwa sababu ni mazito. Wepesi huo unaoyapandisha mafuta ya taa kwenye utambi ndio unaoyafanya yatambae haraka ndani ya mapafu, tone moja likaenea eneo kubwa kabla mtoto hajamaliza kukohoa.

Huko ndani kuna vifuko vidogo sana vya hewa, mamilioni, na kila kimoja kimepakwa utando mwembamba unaofanya kazi kama povu la sabuni: unakizuia kisinywee na kugandana mtoto anapotoa pumzi. Mafuta ya taa yanauyeyusha utando huo. Vifuko vinaanza kunywea, pafu linavimba, maji yanajaa, na hewa haipiti vizuri kwenda kwenye damu. Hiyo ndiyo nimonia ya mafuta ya taa, na kiasi kisichojaa kijiko cha chai kinatosha kuileta kikiingia njia ya hewa. Ndiyo maana daktari alipiga picha ya kifua wakati wewe unamwonyesha tumbo.

Ukishaelewa hapo, mengine yote yanajieleza. Kumtapisha mtoto aliyekunywa mafuta ya taa ni kuyapitisha tena mlangoni pa njia ya hewa, safari hii yakiwa yamechanganyika na matapishi, na mtoto analia huku anavuta pumzi kwa nguvu. Kila anapotapika, nafasi ya kupaliwa inaongezeka. Ulipoukataa mkono wa mama mkwe ulifanya jambo kubwa kuliko unavyojua.

Kumsafisha tumbo kwa mpira kuna hatari ile ile, kwa sababu mpira unamkera koo na kumfanya atapike. Wanaopitisha mpira bila kujua wanakuwa wamefuata sumu isiyodhuru tumboni na kuihamishia inakodhuru. Na mkaa? Upo mkaa wa dawa, unga mweusi uliotengenezwa maalumu, ambao hospitali tunawapa watoto waliomeza baadhi ya vidonge. Ule una uwezo wa kunasa dawa nyingi, lakini mafuta ya taa hauyanasi kwa kiasi cha maana, na kwa kuwa unatapisha, hatuutumii hapa. Mkaa wa kupikia uliopondwa hauna hata uwezo huo.

Maziwa nayaacha mwisho kwa sababu ndiyo yanayopendwa kuliko vyote. Nimeulizwa swali la maziwa na watu wa kila namna, wasomi kwa wasiosoma: si yanakata sumu? Hayakati. Hayageuzi mafuta ya taa kuwa kitu kingine. Yanachofanya ni kujaza tumbo dogo ambalo tayari limechafuka, na tumbo lililojaa linatapika. Ndivyo ilivyotokea kwa mwanao, akatapika yote. Mawese, yai bichi na siagi viko kundi hilo hilo. Maji ya chumvi ni mabaya kupita vyote: chumvi nyingi inayonyweshwa mtoto mdogo inaweza kupandisha chumvi ya damu hadi ubongo ukaumia na mtoto akafa, hata kama kile alichokunywa mwanzoni kisingemwua.

Simlaumu jirani yako. Zamani hata sisi madaktari tuliwatapisha watoto, na katika nchi tajiri wazazi waliambiwa waweke nyumbani dawa maalumu ya kutapisha. Ilipopimwa kwa makini haikuonekana kuwasaidia watoto, na mwaka 2003 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliwaambia wazazi wasiitumie tena. Elimu ilibadilika, lakini habari haikufika mtaani.

Sasa ule “kuangalia tu”. Hakuna dawa ya kuyafuta mafuta ya taa mapafuni. Kinachookoa ni oksijeni ikitolewa mapema, na ili itolewe mapema lazima mtu awe anamtazama mtoto: anahesabu pumzi, anaangalia kama mbavu zinabonyea, anabana kile kipimo kidogo kwenye kidole kusoma oksijeni ya damu. Tunamkalisha mtoto kwa angalau saa 6 tangu anywe. Akiwa hajakohoa tena, anapumua vizuri, na picha iliyopigwa baada ya muda huo ni safi, anarudi nyumbani. Akiwa na dalili yoyote, analazwa. Wako alipata homa, wakamlaza. Ni sahihi.

Homa ya siku ya kwanza na ya pili huwa inatokana na pafu lenyewe kuunguzwa na mafuta, na antibiotiki hazina la kufanya kwenye jeraha la kemikali. Hapa madaktari hatufanani, wapo wanaozianza mapema kwa tahadhari, na siwashambulii, hasa mtoto akiwa mahututi. Lakini kwa mtoto kama wako, aliyepata homa akaendelea vizuri, kuzisubiri ni uamuzi mzuri. Homa ikipita siku mbili au ikarudi baada ya kuondoka, hapo tunafikiria vijidudu.

Nikuombe jambo moja kabla hatujafika kwenye chupa. Usiyachukue haya ya mafuta ya taa ukayatumia kwa kila sumu. Kutokumtapisha na kutokumnywesha kitu kunabaki pale pale, iwe ni mafuta, maji ya betri, kostiki soda ya kutengenezea sabuni, au vidonge. Kinachobadilika ni mwendo wa sumu yenyewe, na hapo ndipo wazazi wengi wanadanganyika, kwa sababu mtoto anaonekana mzima.

Chukua vidonge vya kuongeza damu anavyopewa mjamzito kliniki. Vinang’aa kama peremende. Kumi tu vinatosha kumweka mtoto wa kilo 10 kwenye hatari ya kufa. Atatapika, ataharisha, kisha atatulia kwa saa kadhaa mkadhani amepona, na baada ya hapo ndipo anaporomoka. Kidonge kimoja cha bibi cha kutibu kisukari kinaweza kushusha sukari ya mtoto mdogo saa nyingi baadaye, amelala usiku, hadi degedege. Paracetamol iliyozidi sana inaliumiza ini kimyakimya, na dawa yake ya kuizuia inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8. Kwa hiyo mtoto aliyemeza vidonge haongojewi nyumbani “tuone”. Anapelekwa akiwa bado anacheka.

Dawa za kuulia wadudu shambani na zile za kuogeshea mifugo zenyewe zina haraka yake. Mate yanamtoka mengi, machozi, jasho, anajikojolea, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya pini, kifua kinakoroma. Zinapenya hata kwenye ngozi, kwa hiyo nguo zivuliwe na mwili uoshwe kwa maji mengi na sabuni, na anayemwosha ajikinge mikono. Nimepokea watoto waliopakwa dawa hizi kichwani kuua chawa. Hakuna aliyekusudia ubaya. Na ile dawa ya panya inayouzwa barabarani kwenye vipakiti visivyo na maandishi inanisumbua kuliko zote, maana humo mnaweza kuwa na aina ya kuzuia damu kuganda, ambayo inakaa kimya siku mbili tatu, au sumu ya kuua kwa dakika. Bila kipakiti daktari anakisia. Chukueni kipakiti, chupa, hata kizibo, mje nacho. Kwa Tanzania, Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali inapima sampuli za namna hii, lakini kipakiti kinatupa mwanga saa ile ile.

Turudi kwako. Wanakuambia ulizembea. Mimi nimekaa mapokezi ya watoto miaka mingi, na hadithi unayonisimulia naijua karibu neno kwa neno. Mtoto ana mwaka mmoja hadi mitatu, ameanza kutembea. Ni jioni, chakula kinaandaliwa, mama ana mikono miwili na kazi nne. Mafuta yametoka kutumika, hayajarudishwa. Na yako kwenye chupa ya maji ya kunywa. Hilo la mwisho ndilo ninalotaka ulishike.

Mwanao umemfundisha wewe, kwa upendo, kwamba chupa ile inatoa maji. Joto la Dar es Salaam jioni, ana kiu, anaiona chupa anayoijua, ina kizibo anachokijua, ndani kuna kitu cha rangi ya maji. Watu huniambia, “Si angesikia harufu?” Mtoto wa umri ule bado hajajifunza kwamba harufu ya mafuta ni onyo. Kwake ni harufu ya nyumbani, anaisikia kila jioni. Na funda moja la mtoto mdogo ni kama kijiko cha chai, limeshashuka kabla hajajua limekaaje mdomoni. Ulipogeuka kuchukua kiberiti zilipita sekunde ngapi? Tatu? Hakuna mama anayeweza kuzilinda sekunde tatu tatu za siku nzima. Anayekuambia ungemwangalia vizuri zaidi anakupa kazi isiyowezekana, huku chupa ikibaki palepale.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2004 pekee watoto na vijana zaidi ya 45,000 wa chini ya miaka 20 walikufa duniani kwa sumu ya ghafla. Penye nafuu, mara nyingi imetokana na kubadilisha chombo. Afrika Kusini, mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti waligawa majumbani maelfu ya vyombo vya mafuta ya taa vyenye mfuniko ambao mtoto hawezi kuufungua. Hawakubadilisha akina mama. Matukio ya watoto kunywa mafuta katika eneo lile yakapungua kwa karibu nusu.

Wewe vyombo hivyo huna, na kabati huna, kwa hiyo niseme yanayowezekana kwenye chumba kimoja. La kwanza, na kwangu ndilo lenye nguvu kuliko yote: acha kuwashia mkaa kwa mafuta ya taa. Maganda ya machungwa yaliyokaushwa juani yanashika moto vizuri sana kwa sababu yana mafuta yake, na vifuu vya nazi na vipande vidogo vya mbao vinafanya kazi hiyo bila shida. Utachelewa dakika tano zaidi, na kitu cha kuhofia kimetoka chumbani. Mafuta usiyokuwa nayo hayanywewi.

Kama yanahitajika, kwa jiko la mchina au kwa taa umeme ukikatika, usiyaweke kamwe kwenye chupa ya maji, ya soda wala ya juisi. Nunua kidumu kidogo cha plastiki nene, cha rangi isiyofanana na chochote mnachonywea, chenye mfuniko wa kukaza. Pigilia msumari mrefu ukutani juu kuliko kichwa chako, mbali na moto, kifungie kamba na ukitundike hapo. Chini ya kitanda si mafichoni, ni uwanja wa mtoto, na nyuma ya mlango vivyo hivyo. Mazoea ya kununua kipimo kidogo dukani kila siku yana ubaya wake, maana ndiyo yanayoleta chupa za kuokoteza. Nenda dukani na kidumu chako, na mwuzaji akitaka kukumiminia kwenye chupa ya maji mkatalie. Tena mkifika kwenye kutumia, kidumu kitoke, mimina, kaza, tundika, ndipo uwashe. Dawa zote za nyumbani, pamoja na vidonge vya bibi vilivyofungwa kwenye pindo la khanga, zikae kwenye mfuko mmoja kwenye msumari wa pili. Na tafadhali msimwambie mtoto kwamba dawa ni pipi ili ameze. Atakuamini, na siku moja atazitafuta mwenyewe.

Mkifanya haya mwelezeni na jirani aliyeleta maziwa. Watoto wa uani wanaingia kila chumba.

Kuhusu mama mkwe, usigombane naye. Mwonyeshe koroboi, mwambie yale niliyosema ya utambi. Wazee wetu wanaelewa haraka wakionyeshwa kitu wanachokijua, na mara nyingi anayekulaumu sana ni yule aliyeogopa sana. Yeye naye alitaka mjukuu apone.

Ikitokea tena, kwako au uani, mtoeni kilichobaki mdomoni, vueni nguo zilizolowa na muoshe ngozi, maana mafuta yanaunguza ngozi pia. Yakiingia machoni, mwagieni maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Mbebeni ameketi wima. Akiwa amelegea, mlazeni kwa ubavu, kisha safari, na chupa mkononi. Zahanati ya karibu isiyo na picha ya kifua bado ni bora kuliko nyumbani, mradi kuna mtu wa kuhesabu pumzi na gari la kumpeleka mbele.

Kwa mwanao leo, madhara ya mafuta ya taa huanza mapema, mengi ndani ya saa chache, na mtoto anayekula na kucheza baada ya wiki ameshavuka. Mrudishe hospitali bila kungoja asubuhi ukiona homa imerudi, pua zinatanuka anapovuta pumzi, anaguna kila anapoitoa, nyama inabonyea chini ya mbavu, midomo imebadilika kuwa ya bluu au kijivu, analala usingizi usio wa kawaida au anakataa kunyonya na kula. Na kwa ajili ya moyo wako, usiku huu akishalala, mfunue kifua, shika simu yenye saa, uhesabu kifua kinavyopanda kwa dakika nzima. Kwa umri wake, 40 au zaidi ni haraka, mlete. Ikiwa chini ya hapo, mfunike, nawe ulale.